Geuzeni kaseti ya Remmy

Meza ya magazeti iko hatua chache tu kutoka kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy, Barabara ya Shekilango, na mimi ni mmoja wa wale wateja ambao muuzaji akiwaona anageuza uso. Nasimama, mikono nyuma, nasoma vichwa vya habari kuanzia siasa hadi mpira, kisha naondoka na shilingi zangu. Jumapili moja ya Desemba nilinunua. Ukurasa wa burudani ulikuwa na picha ya Dokta Remmy Ongala, rasta zimemfunika mabega, mdomo wazi mbele ya kipaza sauti, na chini yake kumbukumbu ya kifo chake yenye aya saba. Nilizisoma palepale nikiwa nimeegemea nguzo ya umeme. Neno "soksi" limo mara sita. "Mkongo", mara tatu. "Sura mbaya", mara mbili. Wimbo mwingine wowote zaidi ya ule wa soksi, hakuna.

"Vipi kaka," muuzaji akaniuliza, "leo umenunua halafu unanuna?"

Gazeti lenyewe sitalitaja. Nikilitaja nitakuwa nimelionea, kwa sababu mengine nayo hufanya hivyohivyo mwezi huo ukifika: mzee wa soksi, aliyezaliwa na meno, aliyejiita sura mbaya, aliyekuja kuokoka. Picha hubadilika, maneno ni yaleyale. Na niseme mapema kwamba mimi ni mshabiki. Anayetaka makala ya kupima huku na huku kwa mizani ya duka la mchele, ageuze ukurasa.

Remmy sikumjulia Sinza. Nilimjulia Tandika, wilaya ya Temeke, mwaka 1991, nikiwa mwanafunzi wa darasa la nne ninayelelewa na baba mdogo. Alikuwa fundi cherehani. Tulikaa nyumba ya vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, choo kimoja, bomba halipo. Katika chumba chetu kitu cha thamani baada ya cherehani kilikuwa redio kaseti ambayo kifuniko chake kilivunjika, ikawa inabanwa kwa kipande cha lastiki ya sketi. Kaseti ya Remmy haikuwa na jalada wala picha. Baba mdogo alikwenda Kariakoo na kaseti tupu ya dakika sitini na orodha kwenye karatasi, akawaachia vijana wa banda la kurekodi, akaifuata kesho yake.

Sasa, nyimbo za Remmy zilikuwa ndefu, na vijana wa banda hawakuwa na muda wa kupiga hesabu. Upande wa kwanza uliishia katikati ya "Kifo". Wimbo umeshaingia kwenye chemko, gitaa la solo linakimbia, mara chwaka, mkanda umekwisha. Unatoa kaseti, unageuza, unabana lastiki, na kinachoanza upande wa pili ni "Mambo kwa Soksi". Kwa hiyo masikioni mwangu nyimbo hizo mbili hazijawahi kutengana. Mtu anakilalamikia kifo kana kwamba kimekaa mbele yake kwenye kigoda, mkanda unakatika, unageuza, na mtu yuleyule, kwa sauti ileile ya mikwaruzo, anakuambia vaa.

Upande wa kwanza ulipigwa mlango ukiwa wazi, hata mchana wa Jumamosi. Upande wa pili ulipigwa usiku, sauti chini, na sisi watoto tulitumwa kwanza dukani kununua mafuta ya taa ilhali chemli imejaa mpaka shingoni. Tulijua. Tulikuwa tunakaa nyuma ya dirisha na chupa ya mafuta tukisikiliza.

Mwaka huohuo mpangaji wa chumba cha mwisho, dereva wa lori la masafa, alirudi kutoka safari akiwa amekonda. Watu wazima wakaanza kuzungumza kwa mafumbo. Huyu anasema amekanyaga waya, yule anasema amerogwa na wenzake kazini. Vijana wa kijiweni walikuwa na tafsiri yao ya herufi zile nne za Kizungu, AIDS, waliyoiimba kama mchezo: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Jina halisi la ugonjwa sikumbuki kulisikia ndani ya ule uwanja hata siku moja. Alikufa kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Jioni baada ya matanga kuanuliwa, baba mdogo aliiweka redio kizingitini, mlango wazi, akapiga upande wa pili. Hatukutumwa dukani. Mama mwenye nyumba, mtu wa swala tano ambaye taarabu tu ilikuwa inamkera, alikuwa barazani anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Ungo ukapanda, ukashuka, pumba zikaruka. Lakini hakusema zima.

Ndiyo maana nikiona gazeti linauita ule wimbo kituko, au wimbo wa matusi uliompa jina, nahisi kama mtu amecheka msibani. Mambo kwa soksi ni wimbo wa msiba. Umetungwa na mtu ambaye miaka yote alikuwa akiimba kufa: "Kifo" ni wake, "Siku ya Kufa" ni wake. Tofauti ni kwamba safari hii hakuishia kulia, alitaja na cha kufanya.

Tukumbushane ilikuwaje. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ilipofika 1986, mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Mpira wa kiume ulikuwa kitu cha kunong'onezwa, ndiyo sababu Remmy akautafutia neno ambalo mama anaweza kulisikia mbele ya mkwewe: soksi. Hakuwa peke yake katika hili. Franco wa Kinshasa alitoa "Attention na SIDA" mwaka 1987, akafa Oktoba 1989. Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza hadharani mwaka 1989 kusema ameambukizwa, akatoa "Alone and Frightened", akafa Desemba mwaka huohuo. Lutaaya leo ni shujaa kwao. Wa kwetu anaandikwa kama mtu aliyepata umaarufu kwa kutaja nguo ya ndani ya kiatu.

Na kwetu redio ilikuwa moja. Kijana wa leo mwenye stesheni tele kwenye simu hawezi kuelewa maana ya sentensi hiyo. Bendi ilikuwa inapeleka mashairi yake Radio Tanzania Dar es Salaam, kamati inayapitia, yakipita bendi inaitwa studio Barabara ya Pugu, inarekodi, na wimbo unapigwa bila mwanamuziki kutajirika. Yasipopita, huna pa kwenda. Redio binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 1990. "Mambo kwa Soksi" haikupigwa RTD. Ikapita njia za panya: kaseti za mabanda, baa, daladala, madirisha ya Tandika. Taifa zima likaujua wimbo ambao redio ya taifa haikuupiga.

Halafu, kabla miaka mingi haijapita, redio zetu zikaanza kutangaza kondomu za Salama asubuhi, mchana na jioni, kwa vionjo na vichekesho, katikati ya taarifa ya habari na mpira. Sijasikia aliyerudi nyuma akasema, jamani, kuna mtu wa Sinza alitutangulia.

Naitwa mkali nikilisema hili, ila nadhani waandishi wetu wamerithi kile kikohozi cha aibu cha kamati ya redio. Wao hawauzuii wimbo, wanautekenya. Wanauandika kwa jicho la kukonyeza. Wanaweka alama za mshangao.

Tuje kwenye sura. Ni kweli alijiita sura mbaya, na ukumbi ulicheka naye. Lakini mwenyeji akikuambia karibu kwenye kibanda changu, wewe mgeni husemi ni kweli, kibanda hiki kibovu. Yeye alikuwa anaufungua mlango ili mtu wa sura yoyote, wa kipato chochote, ajione yuko kwao. Mwandishi anayelichukua lile neno na kulibandika kwenye kichwa cha habari amekula karamu akaondoka na sufuria.

Rasta nazo zina habari yake, ambayo alikuwa akiisimulia mwenyewe. Mama yake alikuwa amezika watoto wawili kabla yake. Mganga akamwambia anayekuja azaliwe porini, na nywele zake zisikatwe. Remmy akazaliwa mwaka 1947, Kindu, mkoa wa Maniema, Kongo, na meno mawili ya mbele yakiwa tayari yametoka. Magazeti hung'ang'ania meno. Mimi naona wale wawili waliotangulia. Mtoto amekua na nywele zinazomkumbusha kila asubuhi kwamba yuko hai kwa sharti. Utashangaa vipi akiimba kifo maisha yake yote? Remmy alikuja kumsikia Bob Marley baadaye sana, nywele zikiwa tayari zina historia yake. Wazungu waliomwandika alipokwenda tamasha la WOMAD mwaka 1988 walikimbilia kumlinganisha na Marley, na wetu wakanukuu wazungu.

Lakini linaloniudhi kupita yote ni hilo la Mkongo, hasa linapoandikwa kwamba "alijifunza Kiswahili kwa haraka" alipofika Dar es Salaam. Alijifunza nini? Maniema ni nchi ya Kiswahili. Lugha ilifika huko na misafara ya karne ya 19. Tippu Tip mwenyewe aliweka makao Kasongo, kusini ya Kindu. Remmy alipoitwa Dar mwaka 1978 na mjomba wake Makassy, kuja kuimba Orchestra Makassy, hakuja na Lingala ya kuombea kazi kama wengi waliomtangulia. Alikuja na Kiswahili cha nyumbani kwao, kilichopinda kidogo, chenye ladha ya mto Kongo. Baadaye akahamia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini, nayo ikawa Super Matimila mikononi mwake. Alijenga Sinza, wakati ule Kinondoni, kabla Ubungo haijamegwa, kwenye viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 ambavyo watu wa mjini walikuwa wanaviona ni porini. Akaoa, akazaa. Wapenzi wa Yanga na Azam wanamfahamu mwanawe Kally Ongala hata kama baba hawamfahamu. Mtaa ukamchukua jina. Nitajieni mwananchi wa asili aliyepewa kituo cha daladala na abiria wenyewe, bila azimio la baraza la madiwani.

Kuna jambo dogo la pembeni ambalo naliona kubwa. Mtindo wake aliuita ubongo. Alisema muziki wake ni wa kichwa, mtu akicheza miguu, ubongo nao ufanye kazi. Jiji nalo lilikuwa limeshaitwa Bongo kwa sababu hiyohiyo ya kuishi kwa akili. Miaka mingi baadaye ikaja Bongo Fleva, na waandishi wa burudani wakaiandikia historia kana kwamba kabla yake mtaa haukuwa na mtu anayeimba shida za mtaa. Chukua albamu yake ya 1989, "Songs for the Poor Man", iliyotolewa na kampuni ya Real World huko Uingereza. Sikiliza "Sauti ya Mnyonge". Kisha sikiliza vijana wa Temeke wa miaka ya 2000 mwanzoni walivyoimba njaa, vyumba vya kupanga na polisi. Sisemi walimwiga. Nasema waliimba maisha ya uwanja uleule, na anayeandika muziki wa jiji hili alipaswa kuusikia undugu huo bila kusubiri mshabiki wa dansi amkunjie ngumi.

Mnataka kumkosoa? Kosoeni, hapo nitawapa hata silaha. Alihubiri mno. Kuna nyimbo ambazo gitaa limeshakuita katikati ya ukumbi, yeye bado anatoa mawaidha, miguu inakufa ganzi. Mwaka 1992, kwenye albamu ya "Mambo", aliweka wimbo "Mrema", kwa jina la Augustine Mrema ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na kipenzi cha wanyonge kwa amri zake za siku saba. Huo sikuupenda hata nilipokuwa kijana, na sikuupenda zaidi baada ya 1995, Mrema alipotoka chama tawala na siasa ikawa moto. Sauti ya mnyonge haikopeshwi kwa waziri aliyeko madarakani, hata awe mwema. Basi andikeni hilo! Mwandishi atakayeandika aya tatu kali juu ya wimbo huo nitamnunulia chai, kwa kuwa atakuwa amesikiliza.

Kisha wokovu. Mwishoni mwa maisha, maradhi yamemwandama, Remmy aliacha dansi akaingia injili, akakata zile nywele. Kila kumbukumbu ninayoisoma inaliandika hilo kwa mkao wa majuto: aliyeimba soksi ametubu. Mimi nilipozisikia zile za injili sikusikia mtu aliyegeuka. Aliyekuwa akikiuliza kifo maswali kwa miaka thelathini alikuwa amekwenda kuyauliza mlango mwingine. Nywele, hapo nakiri ziliniuma. Lakini zilikuwa nadhiri ya mama yake, na kama kulikuwa na mtu wa kuziondoa ni yeye. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, Sinza, akiwa na umri wa miaka 63.

Jumatatu baada ya kununua lile gazeti nilipiga simu chumba chao cha habari. Nikapewa kijana aliyeandika. Nilikuwa nimejiandaa kugomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hasira ikapungua nusu.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. "Mzee wangu," akasema, "sitakudanganya. Nilikuwa na habari tano za kumaliza kabla ya saa kumi. Hiyo nimeitoa kwenye yetu ya mwaka juzi, nikabadilisha mwanzo na picha. Na ya mwaka juzi nadhani mwenzangu naye aliitoa mahali." Kwamba soksi inavuta wasomaji alinieleza pia, bila kuona haya, kama fundi anayekueleza bei ya kitambaa.

"Wewe umeshawahi kumsikiliza?"

"Ule wa soksi, kidogo. Nianze na upi?"

Nikamwambia "Kifo", wote, asikatishe.

"Upo YouTube?"

"Upo."

"Basi nikipata bando."

Sikugomba tena. Makosa yanayozaliwa hivi hayana adui wa kumkunja shati. Kijana anaandika kwa kulipwa kidogo, kumbukumbu za bendi ziko kwenye mikanda ambayo hajawahi kuishika, kilicho karibu ni makala ya jana, na ya jana ilinakili ya juzi. Ukifuata uzi huo kurudi nyuma utafika kwenye meza fulani ambako mtu aliona aibu neno soksi mwaka ule watu walipokuwa wanazikana kimyakimya, akacheka ili asilie. Sasa tunarithishana kicheko, tukio lililokileta hatulijui.

Wiki iliyofuata nilipanda daladala ya Shekilango kuelekea Bamaga, kupeleka suruali kwa fundi. Konda, kijana wa miaka kama ishirini, noti zimekunjwa katikati ya vidole, kichwa nje ya dirisha, alianza kuita vituo. Redio ya dereva ilikuwa inapiga singeli, kasi ambayo moyo wangu hauiwezi tena.

"Kwa Remmy yupo?"

Hakuna aliyejibu. Mwanafunzi aliyekaa kando yangu alikuwa kwenye simu yake, mama wa mbele amesinzia juu ya kikapu cha nyanya. Dereva akaanza kukanyaga mafuta.

"Kwa Remmy yupo?" konda akarudia, kwa mazoea tu.

"Yupo," nikasema.

Akagonga bodi mara mbili. Ikabidi nishuke, suruali mkononi, Bamaga bado iko mbali.